Uyoga wa Karani Johana

Boito,
kupitia Litein.
Mei, 1957.

Kwako dada yangu Gesare,

Salamu zangu zikufikie na baridi yote ya huku, ambako mvua imeamka nasi na majani ya chai yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, kifua kile cha kila masika kimekuacha, na hao akina mama wa wodini kwako wanazaa mchana wakuache ulale. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, ila anasema magoti yake yamekuwa wazee kabla yake. Shangazi Chepyegon, yule aliyekulazimisha kumaliza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, siku ya harusi yangu, anakusalimu sana na anauliza kama siku hizi umejifunza kunywa maziwa kama mtu mzima.

Umeona mwenyewe kwamba barua imetoka Boito kwa baba, haikutoka Litein kwa mume wangu. Basi habari uliyoipata soko la Sotik ni ya kweli, angalau nusu yake. Uliniandikia kwamba watu wanasema Tecla amemwacha karani mzima wa kampuni ya chai kwa sababu ya sahani ya uyoga, ukaniuliza kama nimepagawa au ni kiburi cha shule. Angeniuliza hivyo mtu mwingine, nisingemjibu. Lakini wewe, rafiki yangu tangu shuleni, ndiwe uliyesimama nami kanisani, tena ndiwe uliyeninong'oneza kwamba Johana ni muungwana kwa kuwa ana kitambaa cheupe mfukoni na hatemi mate njiani. Kwa hiyo una haki ya kusikia muungwana wako alifanya nini.

Ulimwona siku moja tu, Gesare, na siku ya harusi hata fisi hujipangusa mdomo. Mimi nimekaa naye miaka miwili. Johana arap Yegon ni mtu ambaye akirudi nyumbani kutoka ofisini huendelea kusimama wima hata mlangoni pake, kama anangoja kuambiwa aketi. Huokota magazeti aliyoyatupa Bwana wake Mzungu, huyanyoosha kwa pasi yangu ya makaa, kisha hunisomea bei ya pamba ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani. Hata ng'ombe humwita kwa Kiingereza. “Kamu, kamu,” humwambia, na ng'ombe, ambaye Mungu alimjalia akili kidogo, hasogei mpaka mimi nimwite kwa lugha ya mama yake.

Mwaka huu karani mkuu wa ofisi yao alikuwa anastaafu. Tangu siku alipoisikia habari hiyo mume wangu hakulala vizuri. Wenzake walifanya kazi yao wakangoja. Yeye aliamini kwamba cheo hupatikana kwa kula meza moja na Mzungu, akaanza kutafuta meza.

Meza aliipata kwa mdomo wa Memsahib, mke wa Bwana. Mama huyo alipita ofisini kumchukua mumewe, akalalamika kwamba tangu afike Kericho hajala uyoga isipokuwa wa mkebe, na wa mkebe ni kama kutafuna koti la mvua. Akasema kwao kuna uyoga mkubwa wa kahawia, mpana kama kisahani cha chai, na unapikwa mzimamzima kwa siagi mpaka mtu adhani anakula nyama. Johana akasimama. Akamwambia kwamba uyoga wa namna hiyo unaota kwetu kila mvua, na kwamba yeye na mkewe huupika hivyohivyo nyumbani.

Gesare, huyu ndiye mtu aliyenikataza kupika uyoga mwaka jana. Alisema ni chakula cha wachunga mbuzi, na kwamba Wanjuhi, mke wa Ndung'u mwenye duka, jirani yetu, akisikia harufu atatangaza soko zima kwamba karani hana nyama. Nilikuwa nimeuchuma mwenyewe, safi, nikaumwaga nikiwa na njaa yangu. Sasa ghafla ukawa chakula cha ukoo wake.

Nadhani Memsahib alisema watakuja Jumamosi kunywa chai kwa adabu tu, vile tunavyomwambia mgeni apite siku nyingine. Lakini neno la adabu likitoka kwa Mzungu, Johana hulishika kama agano la Musa.

Basi ikawa wiki ya shughuli. Alimwendea Otiende, mpishi wa Bwana, amfundishe. Otiende ni mtu mpole. Alimweleza kwamba uyoga ule hauoshwi kwenye maji, unapanguswa kwa kitambaa kibichi. Unatolewa mguu, unalazwa kichwa chini kwenye kikaango chenye siagi ya moto, nao usibanane, maana ukibanana unatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Halafu chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu kilichopondwa, na kuugeuza mara moja tu. Johana alirudi akinieleza hayo yote kana kwamba ameyapata kwa ndoto.

Jumamosi asubuhi akanikataza nisiende kuchuma. Alisema mimi ningechagua kwa macho ya kijijini. Akaenda mwenyewe, na suruali ya ofisi ameikunja mpaka magotini, akarudi na kikapu kimejaa na uso wa mtu aliyeua simba. Nikakimwaga kikapu juu ya gunia. Ule wa juu ulikuwa mzuri kweli. Ulitoka kwenye boma la zamani la ng'ombe, mpana, wa kahawia, chini yake pamekunjamana kama kurasa za kitabu. Lakini chini ya kikapu palikuwa na mwingine, unaofanana nao kidogo tu, wenye miguu iliyovimba na weupe nisioupenda. Nilimwuliza ameutoa wapi. Akasema ni chini ya mikaratusi, karibu na barabara. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuchuma chini ya mikaratusi, na hakuna mtu wa kwetu anayechuma pale. Nikautenga. Nikamwambia sijui kama ni mbaya, lakini sijui kama ni mzuri, na uyoga usioujua hauliwi.

Alikubali. Nikaenda kukamua na kutafuta maziwa ya chai. Niliporudi jikoni, rafiki yangu, nilikuta muungwana wako amevaa tai na amefunga aproni yangu juu yake, uyoga ameutia kwenye karai la maji akiusugua kama soksi. Kisha akaujaza wote kikaangoni, umepandana kama abiria wa lori. Ukatoa maji. Siagi ikaelea juu, uyoga ukaelea ndani yake, na ule uliokuwa mpana kama kisahani ukanywea ukawa kama sikio la mbuzi. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeunyeshea mvua. Nikamwaga yale maji, nikaongeza moto, nikautia siagi nyingine na kitunguu saumu, ukaanza kukauka na kunukia. Lazima niseme kweli, ulinukia vizuri.

Lakini jicho langu lilienda kwenye gunia. Ule niliokuwa nimeutenga haukuwapo. Nilienda mpaka shimo la takataka nyuma ya nyumba, nao huko haukuwapo. Na ukishakuwa mweusi kikaangoni uyoga wote ni ndugu, huwezi tena kumjua yupi wa bomani na yupi wa mikaratusi. Nikamwuliza. Akasema kikaango kilionekana na uyoga mchache, na ni aibu kumpa Mzungu sahani yenye nafasi. Nilimwambia aumwage wote, niwakaangie wageni mayai. Wakati uleule gari la Bwana likaingia uani. Johana akanishika mkono, akaniambia kwa Kipsigis, upesi na kwa sauti ya chini, kwamba nikifungua mdomo wangu nimekwisha kumnyima cheo.

Wageni wakaingia. Bwana ni mtu mnene wa kucheka-cheka, Memsahib ni mwembamba na hajui pa kuweka mikono yake. Tuliketi wanne mezani, kwa kuwa Johana alikuwa amenifundisha tangu Jumatano namna ya kushika uma, mimi niliyeshika uma shuleni kabla yeye hajavaa viatu. Alisema maombi marefu kwa Kiingereza. Alipofunua sahani, Memsahib akafurahi, nadhani kwa moyo kabisa, akasema ni uleule wa nyumbani kwao.

Ndipo Bwana akaleta mzaha. Alicheka, akasema kwamba babu yake alipenda sana uyoga wa porini, lakini hakuula kamwe kabla mbwa wake hajaonja. Ulikuwa mzaha tu. Johana akacheka kama mtu anayelipwa kwa kila jino linaloonekana. Kisha akageuka akatazama mlangoni, na mimi nikageuka, maana nilijua anatafuta nini. Mbwa wetu hakuwa karibu. Mimi nilikuwa karibu.

“Tecla,” akaniambia kwa Kiswahili, ili wote wasikie, “kula wewe kwanza. Wageni waone.”

Memsahib aliinua mkono akasema hapana, hapana, si lazima, Bwana anatania tu. Lakini alisema kwa sauti ndogo, kisha akaurudisha mkono wake mapajani. Bwana alitazama kikombe chake. Johana akasukuma sahani mbele yangu akarudia, “Kula, mama. Ni wetu huu, unaujua.”

Najua utaniuliza kwa nini nilikula. Shangazi ameniuliza, Wanjuhi ameniuliza, nami nimejiuliza nikikata kuni na nikichuma mboga. Ningekataa, wale wageni wangejua kwamba chakula hakiaminiki, na yeye angefukuzwa kazi siku ileile. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni hii: nilikula polepole. Nilikata kipande kidogo, nikakitazama, nikamtazama yeye, nikakiweka mdomoni, nikatafuna kama bibi asiye na meno. Nilikuwa nampa muda. Nilitaka aseme, basi, Tecla, acha. Angesema tu kwamba umeungua, au kwamba chumvi imezidi, ningemheshimu mpaka kaburini. Nilikata kipande cha pili. Nikamtazama tena. Hakuwa ananitazama mimi, Gesare. Alikuwa anautazama uso wa Bwana, kuona kama Bwana ameridhika.

Na ulikuwa mtamu. Hilo nalo nakuambia ili ucheke, maana mimi mwenyewe lilinikasirisha.

Baada ya mazungumzo mafupi kuhusu mvua, Bwana akala, akasifu, akaongeza. Johana alipoona Bwana ameongeza, naye akala. Memsahib alisema ameshiba chai. Hakugusa hata kipande kimoja, na alipokuwa akiniaga alinishika vidole badala ya mkono, macho yake ameyaelekeza kwenye viatu vyangu. Simchukii. Ila simheshimu pia. Aliona vizuri kuliko wote mezani, akachagua kuwa mgeni mwenye adabu.

Gari lilipotoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikajitia kidole kooni. Wanjuhi alinisikia kutoka kwake, akaja mbio, akanishika kichwa, akanipa maziwa, akaniuliza nimelishwa nini. Nilipomwambia, mama yule, ambaye miaka hii ya Hali ya Hatari, kwa kuwa ni Mkikuyu, haruhusiwi hata kwenda Kericho bila pasi ya serikali mkononi, ambaye angeweza kuninyamazia kwa kuogopa makarani, alienda mpaka mlangoni kwangu akamwuliza Johana kama kwao hakuna kuku wa kujaribia. Johana akamjibu kwamba hayo ni mambo ya nyumba ya watu.

Hakuna aliyeugua. Huo ndio msiba wangu wote. Bwana aliamka Jumapili akaenda kucheza gofu. Mimi niliamka, Johana aliamka akipiga mluzi. Kanisani alishukuru kwa sauti. Tuliporudi aliniambia, unaona, nilijua hauna neno. Nikamwuliza kama alijua, kwa nini hakuanza yeye. Akaniambia nisimharibie siku yake. Jumatatu alipopanda baiskeli kwenda kazini, nilifunga nguo zangu, nikamwachia Wanjuhi ufunguo, nikaja kwa baba.

Wazee wa ukoo wake walikuja wiki iliyofuata, naye Johana katikati yao, tai shingoni. Waliketi, wakanywa mursik, wakasema maneno mazuri. Mjomba wake akauliza swali ambalo wameliuliza tangu hapo mpaka leo: ni nani aliyekufa? Ni nani aliyeumwa hata tumbo? Kama hakuna, kesi iko wapi? Wazee wetu wanapenda maiti, Gesare. Bila maiti hawaoni kosa. Nilipowatazama wanavyotikisa vichwa, wanaume wazima wenye fimbo, nilitamani kwa dakika moja uyoga ule ungekuwa na sumu kidogo.

Nilidhani baba atanirudisha. Halafu akamgeukia Johana, wala hakupandisha sauti. Akamwuliza, “Kijana wangu, wewe ulikuwa na mdomo. Kwa nini hukuonja wewe?”

Johana alifikiri. Nataka ujue kwamba alifikiri, halikumponyoka. Kisha akajibu, “Baba, kama ningeugua mimi, nani angezungumza Kiingereza na wageni?”

Shangazi Chepyegon alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini, mpaka machozi yakamtoka, na wale wazee wakabaki wameinamia fimbo zao. Baba hakucheka. Alisema amesikia, akawaomba wamalize maziwa na wampeleke kijana wao nyumbani kabla mvua haijafunga barabara. Walisema watarudi baada ya mavuno ya mahindi. Watarudi, nawajua.

Na ukarani mkuu amepewa Peterson, karani mwenzake, ambaye hajawahi kumpikia Mzungu hata yai. Johana anasema ni mimi niliyemwekea mkosi.

Sasa, dada, kama kuna mtu karibu nawe, ikunje barua hii uisome baadaye. Yaliyo juu yote unaweza kumsimulia yeyote. Haya yanayofuata ni yako.

Nina mimba. Ilikuwa changa siku ile ya uyoga, na nilikuwa nimemwambia Johana wiki moja kabla. Ninakuandikia hili kwa kuwa hata baba hajui. Alifurahi, Gesare. Alizunguka nyumba akiimba. Alinikataza kubeba debe la maji, akachota mwenyewe mtoni gizani ili wenzake wasimwone, na mimi nikafikiri kwamba chini ya tai ile kumbe kuna mwanamume. Ndiyo sababu nilimtazama vile mezani. Ule muda niliokuwa nampa, nilikuwa namwombea mtoto wake. Angekuwa hajui, ningemwita mjinga na ningeendelea kumpikia. Lakini alijua kuhusu mikaratusi na alijua kuhusu tumbo langu, akasukuma sahani.

Mbele ya wazee hakusema neno juu ya mimba. Angelisema, kila mtu angeona alichofanya. Mimi nami sikusema, kwa kuwa wangesikia mtoto wangenirudisha kwake jioni ileile. Tulikaa pale, mtu na mumewe, tukikificha kitu kimoja, yeye kwa sababu yake na mimi kwa yangu. Nadhani ndilo jambo la mwisho tulilofanya pamoja.

Najua desturi. Ng'ombe walitolewa, mtoto ni wa ukoo wake, na siwezi kuyabadili hayo kwa kalamu. Siku moja watakuja kumdai, na sijui nitafanya nini. Ninachojua ni kwamba mavuno yatafika tumbo likiwa linaonekana, na sitaki kujifungua huku nimezungukwa na wazee wanaobishana mimi ni wa nani. Wewe ni mkunga. Nataka kuja kwako kabla ya mavuno, nikae, nijifungue mikononi mwako, nipate nguvu za kujibu. Nitafua, nitapika, nitafundisha watoto wa misheni yenu kusoma kama watanikubali. Shangazi nadhani amebaini, maana siku hizi ananinyang'anya kuni mgongoni bila kusema kitu. Nikimwambia nakuja kwako, atanisindikiza mpaka Sotik.

Usinijibu kwa maneno mengi ya kunifariji. Niambie kama kitanda kipo.

Jibu lako litume kwa jina la Wanjuhi, dukani kwa Ndung'u, Litein. Lisije kupitia ofisini, maana kule Johana ndiye anayepanga barua. Wasalimie wenzako wa wodini, msalimie mama yako na umwambie bado nakumbuka ndizi zake. Baba anakuombea. Mimi nakuaga nikiwa nimesimama, kwa kuwa ng'ombe wanalia na hakuna mwingine wa kuwakamua.

Ni mimi dada yako wa bwenini,
Tecla